Je, Kazi Ndogo ni Ngazi ya Kazi Kubwa?

Kila wakati wa uchaguzi unapokaribia, huku kwetu Mfaranyaki, kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, husikika neno moja likisemwa barazani, sokoni, na hata nje ya kanisa watu watokapo katika Misa. Husemwa hivi: "Fulani amekwisha kuwa diwani, sasa ataka umeya; akiupata umeya atataka ubunge; na akiisha kuupata ubunge hatutamwona tena." Wengine hulisema kwa kucheka, wengine kwa uchungu. Wako pia wasemao kwamba ndiyo desturi ya dunia, maana hapana mwenye akili apandaye ngazi ili akae kwenye kipago cha kwanza.

Twapenda kulipima neno hili pamoja nanyi, kwa kuwa si la wanasiasa peke yao. Mwalimu wa shule ya kijijini alijua, na katekista alijua, na mzee wa kigango alijua. Kila aliyekabidhiwa kazi ndogo amewahi kujiuliza usiku, hali amelala macho wazi: Je, kazi hii nimepewa niifanye, au nimepewa niikanyage ili niifikie nyingine?

Kwanza tutazame jinsi mambo yalivyopangwa katika nchi yetu. Diwani huchaguliwa na watu wa kata yake. Madiwani nao, wakiisha kukutana, humchagua mmoja wao awe Meya. Mbunge huchaguliwa na watu wa jimbo zima, naye huenda Dodoma kutunga sheria, kuyapima mapato na matumizi ya nchi, na kuihoji serikali. Meya yeye yuko karibu nasi. Baraza analoliongoza lashughulikia taka, soko, mitaro ya maji ya mvua, zahanati na shule za msingi. Mtaro ukiziba, maji huingia nyumbani mwa mtu, na mtu huyo amjua diwani wake kwa jina, na nyumba yake aijua. Lakini sheria mbaya ikipita, haiingii nyumbani siku ile ile. Huenda ikachukua miaka mingi kabla hatujaona ukuta umelowa.

Wala tusidhani ya kuwa kazi ya mji ni kitu cha kudharauliwa. Mwaka 1972 serikali yetu ilianza kuziondoa halmashauri za wenyeji, ikaweka utawala wa mikoa na wilaya mahali pake. Nia ilikuwa njema, kuyaleta maendeleo karibu na watu. Hata hivyo miji iliharibika: taka zilirundikana, barabara zikachimbika, mabomba yakavuja bila fundi. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa, na mwaka 1982 zikatungwa sheria za kuzisimamisha tena halmashauri zote. Basi nchi nzima ilijifunza kwa hasara kwamba kazi ndogo ikikosa mwenyewe, kazi kubwa haiwezi kuijazia pengo lake.

Sasa na tuwatazame watu. Katika nchi yetu mtu wa kwanza kati ya Waafrika kuwa Meya wa Dar es Salaam alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, aliyeushika umeya huo mwaka 1960. Hakuwa wa dini yetu, lakini Mkristo aonaye haya kujifunza jema kwa jirani yake amesahau habari za Msamaria. Kabla ya umeya Sheikh Amri alikuwa mwalimu wa dini yake na mshairi, naye mwaka 1954 alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Alikuwa pia Mbunge, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Akafa Oktoba mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Nasi twaona jambo moja katika maisha yake: alipopanda hakuiacha nyuma lugha ya watu wake. Aliyekuwa ameipima mizani ya shairi la Kiswahili akakabidhiwa mizani ya haki ya nchi, naye alikuwa mtu yule yule.

Lakini Sheikh Amri alikufa mapema, na njia yake ilikuwa ya kupanda tangu mwanzo hata mwisho. Swali letu halijibiwi na mtu aliyepanda tu. Yatupasa kumtafuta mtu aliyefika pale ambapo cheo kikubwa kilimtaka aseme moja, na yale aliyojifunza katika cheo kidogo yakamtaka aseme jingine. Mtu wa namna hiyo twamwona kwa jirani zetu wa Kenya, naye ni Charles Rubia.

Charles Wanyoike Rubia alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Murang'a. Mwaka 1962, Kenya ingali chini ya Waingereza, alichaguliwa kuwa Meya wa Nairobi, Mwafrika wa kwanza kuuvaa mkufu wa cheo hicho. Fikirini maana yake. Mji ule ulikuwa umegawanywa kwa rangi za watu: Wazungu walikuwa na mitaa yao, Wahindi yao, nao Waafrika walikuwa wamesongamanishwa upande wa mashariki. Sasa mmoja wao akaketi katika kiti cha mbele cha baraza lililoupanga mji hivyo. Aliukalia umeya huo mpaka mwaka 1967, yaani aliupokea mji mikononi mwa wakoloni na kuuvusha mpaka katika uhuru, ambao Kenya iliupata tarehe 12 Desemba mwaka 1963.

Mwaka 1969 watu wa Starehe, jimbo lililomo ndani ya Nairobi hiyo hiyo, walimchagua kuwa Mbunge wao, naye akakaa Bungeni mpaka mwaka 1988. Kwa muda alikuwa Waziri pia. Hata hapa hadithi yake ni kama ya wengi: Meya akawa Mbunge, Mbunge akawa Waziri. Kama ingeishia hapo tusingekuwa na haja ya kuwachosha wasomaji wetu.

Mwaka 1986 lilifika Bungeni shauri la kuibadili katiba. Shauri hilo liliwaondolea ulinzi wa kazi watu wawili: Mwanasheria Mkuu, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Tangu hapo Rais angeweza kuwafukuza apendavyo, ambapo kabla yake walilindwa na utaratibu wa katiba wasiondolewe ovyo. Wakati huo Kenya ilikuwa na chama kimoja tu kwa sheria, na aliyesimama kuipinga serikali alijua hatari yake. Rubia alisimama, akalisema wazi kwamba shauri lile si jema. Shauri likapita.

Huenda msomaji akauliza: Mkaguzi wa hesabu ana nini na mtu wa kijijini? Ana mengi. Mtu aliyepata kuliongoza baraza la mji amjua mkaguzi kuliko Mbunge asiyepitia kazi hiyo. Amekwisha kukiona kitabu cha ushuru wa soko, na stakabadhi zisizolingana na fedha, na karani atoaye jasho siku mkaguzi ajapo. Ajua kwamba mkaguzi akiweza kufukuzwa na yule amkaguaye, kitabu ni karatasi tu. Hatusemi kwamba twayajua yaliyokuwa moyoni mwa Rubia siku ile. Moyo wa mtu waonwa na Mungu peke yake. Twasema tu kwamba hilo ndilo somo ambalo mji humfundisha mtu akubaliye kufundishwa, nalo ndilo lililotakiwa siku ile katika nyumba kubwa.

Mwaka huo huo wa 1986 chama kilichotawala kiliamua kwamba katika kuwachagua wagombea wake watu wasitumie kura ya siri, bali wapange foleni nyuma ya mgombea wamtakaye au wakala wake. Utaratibu huo Wakenya wakauita mlolongo. Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya likaupinga, kwa kuwa mchungaji hawezi kusimama nyuma ya mgombea mmoja mbele ya kundi lake lote. Hata hivyo mwaka 1988 mlolongo ulitumika. Waliolalamika walikuwa wengi, wakisema kwamba foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu, na ndefu kuwa fupi. Mwaka huo Rubia alikipoteza kiti cha Starehe.

Hapo mwalimu hana budi kusema aliyoyaona kwa macho yake. Siku moja tulitaka kumpata kiranja wa darasa. Ili kupunguza kazi tuliwaita watoto watatu mbele, tukawaambia wenzao wasimame nyuma ya yule wamtakaye. Mara tukawaona watoto wakitazamana. Mmoja alikwenda nyuma ya kijana mwenye nguvu kuliko wote, mwingine akamfuata, kisha wengine wakakimbilia huko wasije wakabaki peke yao. Juma lililofuata, kwa kuwa tulikuwa na mashaka, tuliwapa vipande vya karatasi, kila mmoja akaandika jina na kukikunja. Tulipovikunjua, aliyeshinda alikuwa binti mmoja mpole ambaye nyuma yake walikuwa wamesimama watoto wanne tu. Tuliona haya, maana sisi wenyewe tuliwafundisha watoto wale kuogopa, tukaita jambo hilo uchaguzi. Tangu siku ile hatujamcheka mtu asemaye kwamba kura ya siri ni kitu kitakatifu.

Turudi kwa Rubia. Tarehe 3 Mei mwaka 1990, yeye pamoja na Kenneth Matiba, aliyekuwa Waziri hapo kwanza, waliwaita waandishi wa magazeti, wakadai kwamba Kenya iwe na vyama vingi. Mwezi Julai wakakamatwa na kuwekwa kizuizini pasipo kuhukumiwa. Mtu aliyekuwa amevishwa mkufu wa mji mkuu akawa mfungwa. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge la Kenya likaurudisha ule ulinzi wa Mkaguzi na wa Mwanasheria Mkuu uliofutwa mwaka 1986, naye aliyeutetea alikuwa angali kizuizini. Alifunguliwa mwaka 1991, afya yake ikiwa imedhoofika. Desemba mwaka huo sheria ya chama kimoja ikaondolewa. Yeye hakurudi tena Bungeni, akafa Desemba mwaka 2019, akiwa amepita miaka 90.

Sasa twajua kwamba wako watakaotupinga, nasi twapenda kuwasikiliza. Wa kwanza atasema: "Huyo alikuwa mtu wa biashara na mali, msimfanye mtakatifu." Kweli, wala hatumfanyi. Katika miaka yake mingi ya uongozi hapana shaka yalikuwamo makosa, na watu maskini wa Nairobi hawakuacha kuwa maskini kwa sababu Meya ni Mwafrika. Lakini hatupimi kama mtu huyu alikuwa mkamilifu. Twapima kama kazi ndogo ilikuwa ngazi kwake au ilikuwa kitu kingine.

Wa pili atasema kwa ukali zaidi: "Wakubwa wote huwa watetezi wa haki wakiisha kupoteza kiti. Mwaka 1990 alikuwa hana la kupoteza." Neno hili lina nguvu, kwa maana twawajua watu wa namna hiyo hata katika vijiji vyetu: akiwa mwenyekiti hasikii, akitolewa huwa nabii. Lakini tazameni miaka. Mwaka 1986 Rubia alikuwa bado na kiti, na heshima, na mengi ya kupoteza. Alisema kwanza, kisha akapoteza. Utaratibu huo wa mambo ndio utenganishao manung'uniko na ushuhuda. Kama angalipoteza kwanza kisha akasema, tusingekuwa na hoja.

Basi jibu letu ni hili. Mtu aionaye kazi ndogo kuwa ngazi hujulikana kwa alama moja: awapo juu hawezi kukipoteza kipago alichosimama kwa ajili ya vile vya chini. Atawezaje? Vya chini amevikanyaga tu, havikumfundisha kitu. Bali mtu aliyeifanya kazi ndogo kuwa shule yake, awapo juu hubaki na deni, naye siku ya kulilipa ikifika hulilipa, hata kama ni kwa kiti chake.

Sisi Wakristo tuna mtu wa kumtazama katika jambo hili, ndiye Nehemia. Mara nyingi huhubiriwa habari za Yusufu, aliyetoka utumwani akapanda mpaka akawa mkuu katika Misri, nasi twazipenda kwa sababu zinatupa matumaini ya kupanda. Nehemia hahubiriwi sana, kwa kuwa yeye alishuka. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme katika jumba kubwa, akaomba ruhusa aende katika mji uliobomoka. Alizunguka usiku akizikagua kuta, pasipo kupiga mbiu. Tena, alipokuwa liwali wa nchi hiyo kwa miaka 12, hakukila chakula ambacho maliwali waliomtangulia walikuwa wakiwatoza watu, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Hakuna mtu wa siku zake angeiita safari ile kupanda cheo. Lakini kati ya wanyweshaji wote wa wafalme wa Uajemi, ni nani tumjuaye kwa jina?

Hapa kwetu Songea hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, mashariki ya mji wetu. Mwanzo wake ni chemchemi ndogo ambayo mtoto aweza kuiruka. Kisha huenda mwendo wa kilomita 800 hivi, ukawa mpaka kati ya nchi yetu na Msumbiji, mpaka uingiapo Bahari ya Hindi. Twasema kwamba mto umekua. Lakini haukukua kwa kupanda hata hatua moja. Kila mahali ulipokua ulikuwa umeshuka, ukapokea vijito vya mabonde ambavyo havina jina. Na maji yafikayo baharini, sehemu yake ni yale yale ya Matogoro. Watu wakiifyeka misitu ya mlimani na kuichafua chemchemi, wa mbali watayanywa hayo hayo. Ngazi ni kitu kingine kabisa. Ngazi, mtu akiisha kufika juu, aweza kuivuta au kuisukuma ianguke, na walio chini wakabaki wakitazama nyayo za miguu.

Haya yote yatupa wajibu sisi wenyewe, maana ni vyepesi kuwahukumu wakubwa. Mtu akija kwetu kuomba ubunge, na hapo kwanza alikuwa diwani au Meya, tusimwulize tu atatufanyia nini huko Dodoma. Tumwulize kazi ndogo ilimfundisha nini. Tumwulize ni lini alisema katika baraza neno lililomletea hasara. Tumwulize kitabu cha hesabu kilikuwaje, na mkaguzi aliandika nini. Kisha twende katika chumba cha kura tukiwa peke yetu, tusimtazame aliye mbele wala aliye nyuma, tukumbuke kwamba wako watu waliowekwa kizuizini kwa kuidai haki kama hiyo. Na asiyejua kusoma asaidiwe kwa uaminifu na mtu aliyemchagua mwenyewe, wala asidanganywe kwa chumvi na khanga.

Tena na sisi walimu tujihoji. Wengi wetu tulipopelekwa shule za mbali tulisema, "Nitakaa hapa mwaka mmoja, kisha nitatafuta mahali pazuri." Si dhambi kutaka mahali pazuri. Lakini watoto wana macho. Wao humjua upesi mwalimu ambaye sanduku lake halijafunguliwa. Mwalimu huyo hata akija kuwa mkubwa wa elimu katika nchi nzima, atawaagiza walimu mambo asiyoyajua, kwa sababu siku alipokuwa nayo mbele ya macho yake, yeye alikuwa akitazama barabara.

Basi tusikitafute cheo kikubwa kwa kukikanyaga kidogo, wala tusikikimbie kikubwa kwa kisingizio cha unyenyekevu, maana huo nao waweza kuwa uvivu uliovaa kanzu. Mungu akituita kwenda mbele, twende. Lakini twende kama waendavyo maji ya Matogoro, tukichukua na yale tuliyoyapokea njiani. Na siku tutakapoulizwa habari za wale tuliowapita, tuwe na majina yao.